Gari kumisi baada ya kuosha injini: nilivyoishughulikia 1NZ

Injini ni 1NZ-FE, ile ya Vitz, IST na Probox. Ilioshwa kwa mashine ya presha, ikawaka vizuri, kisha barabarani ikaanza kumisi, yaani silinda mojawapo haichomi petroli: kwenye silensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, mlimani haivuti, taa ya cheki injini inawakawaka. Taa ikiwakawaka hivyo, paki. Petroli isiyoungua silindani inakwenda kuungulia kwenye katalisti, kichujio cha moshi kwenye ekzosi, na kuiua.

Mashine ya kupimia ilitoa kodi (namba ya hitilafu) P0302, yaani inayomisi ni silinda ya pili kuanzia upande wa mkanda. Huna mashine? Chomoa soketi ya koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) moja moja kwa sekunde chache injini ikiwa silensa. Ambayo ukiichomoa mngurumo haubadiliki, ndiyo yenyewe.

Nilizima, ikapoa, nikafungua boliti ya koili kwa spana namba 10. Mpira wa koili, ule unaofunika plagi, ulitoka umelowa, na ukimulika tochi tunduni unaona maji yameizunguka plagi. Usifungue plagi maji yakiwa bado humo, yataingia kwenye silinda. Nilipuliza kwa kompresa, macho nimeyakinga maana maji hurudi na mchanga, halafu nikamalizia kwa kitambaa kikavu nilichozungushia bisibisi. Ndipo plagi ikatoka, kwa soketi namba 16.

Mafundi wengi hukausha tu na kurudishia, na gari hurudi ikimisi ingali kavu kabisa. Sababu iko kwenye kaure ya plagi, ile sehemu nyeupe. Umeme ulikuwa unaruka nje, unapita kwenye maji hadi kwenye bodi ya injini, na unaacha mstari mweusi mwembamba kama unywele. Huo ni kaboni, unapitisha umeme hata bila maji, na haufutiki kwa kitambaa. Angalia pia ndani ya mpira; mara nyingi mstari uko pande zote mbili. Nilibadilisha plagi na mpira pamoja. Ukibadilisha kimoja, kile cha zamani kitakiharibu kipya.

Plagi mpya ilikuwa na nafasi ya kurukia cheche ya milimita 1.1. Ianzishe kwa mkono, kisha kaza kwa torki (nguvu ya kukaza) ya 18 Nm. Ukingo wa mpira niliupaka grisi ya silikoni kidogo.

Bado inamisi? Badilishana koili ya 2 na ya 3, futa kodi kwa mashine, uendeshe. Ikija P0303, koili imekufa. Na ukikuta tunduni oili badala ya maji, sili za matundu chini ya kava la valvu zimechoka. Zibadilishe kwanza, kwa sababu oili italainisha mpira mpya pia.