Sentensi mbili kwa miezi minane

Kwetu Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda, wakiniuliza nafanya nini Kampala, husema "mambo ya umeme", na wao huniletea pasi na redio nizitengeneze. Siwalaumu. Nilianza kama fundi mitambo kwenye kituo kidogo cha umeme wa maji huko magharibi, kando ya mto unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori. Siku hizi makampuni yenye vituo kama kile hunilipa niyasemee mbele ya wabunge, wizara na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme. Ni kazi ya ushawishi. Wengi wakisikia hivyo hutazama mfuko wangu kabla ya uso.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilipeleka kwa kamati ya Bunge waraka wa kurasa 40, megawati na kilovolti tupu. Hoja yenyewe ilikuwa moja: kituo kimekamilika, maji yapo, laini ya kufikisha umeme kwenye gridi bado. Na mikataba ya aina ile inataka mzalishaji alipwe hata kwa umeme ambao angezalisha kama laini ingekuwepo. Yaani fedha zinatoka, taa haziwaki. Hoja nzito kama hiyo mimi nikaizika ukurasa wa 27. Mbunge mmoja, mama mtu mzima, alifunga kabrasha akaniambia, "Mwanangu, kwetu nguzo zimesimama miaka 3, tunafungia mbuzi. Wewe unanihesabia megawati?"

Nilirudi nyumbani bila hamu ya kula.

Kumbe wengi hawakujua kwamba tangu bodi ya zamani ya umeme ilipogawanywa mwaka 2001, kuzalisha, kusafirisha na kusambaza ni kazi za mikono tofauti. Karuma, kituo kikubwa cha umeme, wanaijua, na megawati zake 600. Lakini kwamba mwenye turbini hana laini, hilo halikuwaingia. Nikaacha michoro, nikachukua maziwa: ng'ombe amekamwa, kopo limejaa, lori halikuja, na mnunuzi alishatia saini kwamba atalipa hata yakichacha. Hapo watu wa Mbarara, nchi ya ng'ombe, walianza kucheka, kisha wakakunja uso.

Aliyenifungulia njia hasa ni afande mmoja. Jeshi lina viti 10 bungeni, naye alikuwa katika mmoja wapo. Kwa Kiingereza alikuwa ananipa dakika 2 akiwa amesimama. Siku moja koridoni nikasema tu, kwa Kiswahili cha kambini, "Jambo, afande." Akageuka. "Jambo. Wewe mtoto wa kambi?" Nikamwambia Bombo. Tukanywa chai nusu saa, akamaliza hivi: "Acha makaratasi. Tupeleke tuone."

Rahisi kusema. Mabosi wangu walitaka kugharamia safari mara moja, magari na hoteli. Nilikataa, maana ripoti ya mtu uliyemlaza hotelini haina uzito. Tungoje kamati iende kwa bajeti yake. Tulingoja miezi 5, nami nusura nifukuzwe. Katikati ya kungoja, mtu wa ofisi fulani akaniomba "nauli" ili barua yangu isogee. Sikutoa, na barua ililala wiki 6. Sijui kama ningekuwa na watoto wa ada ningekuwa shujaa hivyo.

Walipofika, mto ulikuwa umejaa, maji yanaruka juu ya kizuizi yanakwenda zake, na ndani ya jumba la mitambo kimya, unasikia ndege wakilia. Yule mama akamuuliza mlinzi wa zamu, "Haya yanayopita, yanalipiwa?" Kijana akajibu, "Ndiyo, mama." Mimi sikuongeza neno.

Ripoti ilitoka na sentensi 2 juu yetu, zikitaka laini zikamilike kabla ya vituo vingine kusainiwa. Mabosi waliuliza kama miezi 8 ndiyo hiyo tu.

Mama yule hajanisamehe nguzo zake. Niliandika kuhusu kijiji chake mara 2. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme ulipokwisha Machi 2025, nikaandika tena kwa waliopokea kazi. Hiyo hakuna anayenilipa.