Taa ya banda la chipsi: joto lipimwe kwenye LED

Jumanne usiku

Taa imerudi mezani. Ni LED tatu za wati 3, zimefuatana kwenye kipande cha alumini, na draiva ya PT4115, yaani IC (chipu) inayodhibiti mkondo wa umeme wa LED, inayokula betri ya sola ya volti 12. Hapa ndani iliwaka saa sita bila tatizo. Bandani kwa shangazi, Ngamiani mjini Tanga, juu ya karai la mafuta na chini ya bati linalopigwa jua mchana kutwa, wiki tatu tu zimeichosha. LED ya katikati, ule umanjano wake umepasuka na kuwa wa kahawia pembeni, na grisi ya kupitisha joto chini yake imekauka ikawa unga. Draiva nzima kabisa.

Kosa nimeliona. Nilitegemea kinga ya joto iliyomo ndani ya IC. Kinga hiyo inailinda IC yenyewe, na haikati mpaka ndani yake papite nyuzi 150. Draiva nimeifunga kwenye nguzo penye upepo, itajuaje kwamba LED zinaungua huko juu? Kazi yake ni kushika mkondo usipande, na imeifanya vizuri. Lakini mkondo ule ule unaofaa kukiwa na baridi unaua pakiwa pamoto.

Jumamosi

Leo nimeutumia mguu wa DIM, ule wa draiva unaopunguza mwanga. Volti ikiwa kati ya 0.5 na 2.5, mkondo wa LED huifuata, ikizidi 2.5, taa inawaka kamili. Nimetoa volti 5 kwenye 78L05, kidhibiti kidogo cha volti, zikapita rezista ya kiloomu 2.4 hadi DIM, na kutoka DIM kwenda hasi nimeweka termista, rezista ambayo ukinzani wake hushuka joto likipanda, ya kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, aina ya 3950 (namba ya kasi ya kushuka huko). Kwenye nyuzi 60 termista inashuka hadi kiloomu 2.5 hivi, DIM inabaki juu kidogo ya volti 2.5. Kwenye 70 inakuwa volti 2.1, na kwenye 80 ni 1.7, yaani mkondo umebaki kama asilimia 70.

Nimechagua taa ipungue taratibu kuliko izime na kuwaka. Mtu anayegeuza chipsi kwenye mafuta ya moto asiachwe gizani hata sekunde moja.

Termista niliibandika kwanza kwa selotepu, ikawa inachelewa mno. Nikatoboa tundu la milimita 3 kando ya LED ya katikati, nikajaza grisi, nikaizamisha. Mara taa ikazima: mguu mmoja ulikuwa umegusa alumini, ambayo kwangu imeungwa na hasi. Nikaivua, nikaivalisha miguu yote mpira, nikairudisha. Kwenye DIM nimeongeza kapasita ya nanofaradi 100 ya kuchuja kelele za umeme, kwa sababu waya ni mrefu.

Jumapili

Nimefunga. Saa mbili usiku, karai likichemka, alumini ilikuwa nyuzi 66, DIM volti 2.3, mkondo umeshuka kutoka ampea 0.66 hadi 0.61. Kwa macho hakuna tofauti.

“Mwanangu, hii haitanizimikia?”

“Haizimi, shangazi. Ikizidiwa itafifia kidogo tu.”

Limebaki moja linalonikosesha usingizi: waya wa termista ukikatika, DIM inapanda hadi volti 5 na taa inawaka kamili bila kinga yoyote. Kwa sasa nimeufunga waya kwenye boriti kila baada ya shubiri moja. Jumamosi ijayo natafuta njia ya kuifanya taa ififie yenyewe waya huo ukikatika.