Siku Tuliyosimama Nje ya Gereza la Turi

Mwalimu wetu wa Kiitaliano alikuwa mzee mstaafu aliyewafundisha wahamiaji bure, nyakati za jioni, mjini Bari, kusini mwa Italia. Alikuwa mkomunisti wa zamani, wale wa kadi ya chama mfukoni na gazeti kwapani, na kwake kila somo la sarufi liliishia kwenye siasa. Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili alitukusanya wachache akatupakia kwenye treni ya kwenda Turi. "Mnaishi mkoa huu wa Puglia miaka yote hii na gereza la Gramsci hamjaliona?" alitusuta njiani, kana kwamba tumekaa Makka bila kuiona Kaaba. Gramsci ni yule mwanafikra wa Kikomunisti wa Italia aliyefungwa humo na Wafashisti.

Turi ni mji mdogo, kama kilomita 30 kutoka Bari, na wenyeji wanajivunia zaidi cheri zao kuliko siasa. Gereza limo humo humo mjini na bado linafanya kazi, wafungwa wamo hadi leo. Kuingia kuona selo ya Gramsci kunataka kibali, nasi hatukuwa nacho. Basi tukabaki nje, chini ya bamba la ukumbusho lililopigiliwa ukutani. Mwalimu hakujali hata kidogo. Alifungua mkoba, akatoa kitabu kinene kilichochakaa mgongo, akaanza kusoma kwa sauti pale pale barabarani. Watu walipita wakitutazama.

Alichotusomea ni orodha, ila kwanza alitueleza ilivyopatikana. Antonio Gramsci alikamatwa Roma tarehe 8 Novemba 1926, akiwa mbunge na kiongozi wa Chama cha Kikomunisti. Mahakama Maalumu ya Mussolini, dikteta wa Kifashisti, ikamfunga miaka 20, miezi minne na siku tano. Julai 1928 akaletwa Turi, mgonjwa tayari, meno yanang'oka, usingizi hana. Ilimchukua miezi kupata ruhusa ya kuandika ndani ya selo. Tarehe 8 Februari 1929 ndipo alipofungua daftari la kwanza, daftari la shule kama yale ya watoto, akaorodhesha mada 16 alizotaka kuzichunguza.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia mapinduzi, ubepari, mabeberu. Sikusikia. Baadhi ya mada zake zilikuwa hizi. Wasomi wa Italia wametokea wapi na wanamtumikia nani. Riwaya za mfululizo magazetini, zile za mapenzi na visasi. Mila na hadithi za watu wa vijijini. Tatizo la Kusini mwa Italia na visiwa vyake. Viwanda vya magari vya Ford kule Marekani. Mambo ambayo kila mtu anayaona ni ya kawaida tu, hayahitaji kuulizwa. Na katikati ya hayo, beti kadhaa za mshairi Dante. Mtu amepewa miaka 20, adui yake amekalia ikulu, naye anauliza mkulima wa Sardinia anasoma hadithi gani!

Rafiki yangu kutoka Mali, ambaye alikuwa amechuma nyanya misimu kadhaa mkoani Foggia kabla ya kuhamia Bari, alimkatiza. "Mwalimu, samahani. Haya yananihusu nini mimi?"

Mzee alifunga kitabu. Badala ya kujibu akamwuliza: "Kule shambani, mnyapara wenu mlimchukia?"

Kwa asiyejua, mashamba mengi ya kusini mwa Italia huendeshwa na wanyapara, ambao huko huitwa caporali. Mnyapara ndiye anayekusanya vibarua alfajiri, anawapakia kwenye gari lake, anawafikisha shambani, halafu anakata chake: nauli, maji ya kunywa, wakati mwingine hata mkate. Malipo ni kwa kreti, yale makreti makubwa yanayomeza kilo 300 za nyanya. Tangu 2016 iko sheria kali dhidi ya mtindo huo. Wanyapara bado wapo.

Rafiki yangu alifikiri, akacheka. "Kumchukia? Tulikuwa tukimpikia. Alipougua tulichanga tukampelekea matunda." Akaeleza kwamba siku moja walikuja watu wa chama cha wafanyakazi wakiwa na makaratasi, wakawaambia wanaibiwa, wajiandikishe. Vibarua wenyewe ndio waliowafukuza. "Kwa sababu yule jamaa alikuwa na gari. Wao walikuwa na makaratasi. Kesho asubuhi nani angenifikisha shambani?"

"Basi hicho ndicho Gramsci alichokaa akikiandika humo ndani," mzee akasema, akiuonyesha ukuta kwa kidole.

Nimesoma makala nyingi za wasomi kuhusu hegemonia, yaani kutawala kwa ridhaa ya watu na si kwa nguvu peke yake, nyingine ndefu na zimejaa maneno mazito, lakini sijaona iliyonifungua macho kama yale majibizano ya barabarani. Wengi humfupisha Gramsci hivi: watawala huwatia watu kasumba kichwani, watu wakakubali kunyonywa. Ukimsoma sawasawa hasemi hivyo. Anasema tabaka linalotawala kwa ridhaa hulazimika kutoa kitu, kitu halisi, hata kama ni kidogo, na kuyabeba baadhi ya masilahi ya wanaotawaliwa. Mnyapara alikuwa na gari kweli. Vibarua wale hawakuwa wajinga. Walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi kwa kesho asubuhi. Anayetaka kumng'oa mnyapara inabidi kwanza ajibu swali la gari, na si gari tu, bali nani atawasomea barua, nani atawapa habari, nani watamwona ni mwenzao. Kazi ya namna hiyo haimalizwi kwa hotuba moja wala kwa maandamano ya siku moja. Gramsci aliifananisha na vita vya mahandaki. Urusi mwaka 1917, alisema, dola ndiyo ilikuwa kila kitu, ikitikiswa imeanguka. Magharibi dola ni handaki la mbele tu, nyuma yake kuna ngome juu ya ngome: shule, kanisa, magazeti, vyama vya mitaani.

Nadhani asingeyaona hayo kama angekuwa ameshinda. Mwaka 1920 alikuwa Torino wakati wafanyakazi walipoteka viwanda, na miaka miwili baadaye Wafashisti wakashika nchi. Akiwa gerezani alijiuliza tulishindwaje, wakati wenzake wengi walikuwa bado wanajiliwaza kwamba Mussolini ataanguka wiki ijayo. Huko Turi alianza kujadiliana na wafungwa wenzake wa chama katika saa ya kutembea uani. Mwishoni mwa 1930 aliwaambia mapinduzi hayako mlangoni, kwamba kwanza itabidi kuungana na wengine wanaoupinga ufashisti na kudai bunge la katiba. Walimkasirikia. Msimamo wa Moscow, iliyoviongoza vyama vya kikomunisti duniani, wakati huo ulikuwa kinyume kabisa. Mazungumzo yakavunjika, akabaki peke yake na madaftari. Mmoja wa waliokuwa naye gerezani humo na kumheshimu alikuwa Sandro Pertini, msoshalisti, ambaye mwaka 1978 alikuja kuwa Rais wa Italia.

Madaftari yalifika 33. Ya mwisho hayakuandikwa Turi, kwa sababu afya ilimshinda, na mwishoni mwa 1933 akahamishiwa kliniki ya Formia chini ya ulinzi. Alikufa Roma tarehe 27 Aprili 1937. Shemeji yake Tatiana Schucht, aliyekuwa akimhudumia na kumwandikia miaka yote, ndiye aliyeyaokoa madaftari. Rafiki yake mchumi, Piero Sraffa, alikuwa amemfungulia hesabu kwenye duka la vitabu mjini Milano aagize anachotaka. Mimi huwa nawakumbuka hao wawili kila ninaposikia watu wakimzungumzia Gramsci kama jitu lililofikiri peke yake gizani.

Tulihamia mkahawani, na huko ndiko mabishano yalipopamba moto. Mwenzetu mmoja alisema mawazo hayo sasa ni mali ya kila mtu, hata mahasimu. Ni kweli. Huko Ufaransa Alain de Benoist na wenzake wa mrengo wa kulia walianza zamani kumtumia Gramsci, wakihubiri kwamba anayetaka kuishika serikali aanze na utamaduni. Mzee alikasirika hadi kahawa ikapoa. Akasema hao wamechukua nusu wakaacha nusu, kwani Gramsci bila shamba na kiwanda ni ushauri wa matangazo ya biashara. Kwa hilo nilikuwa upande wake, na bado niko. Ila nilimwambia pia kwamba madaftari yenyewe yana lawama kidogo: ni vipande vipande, mtu anarudia wazo mara tatu kwa sura tatu, na kila msomaji anaokota kinachomfaa.

"Soma daftari la 12 kwanza," mzee alimshauri rafiki yangu, akipuuza maneno yangu. Humo ndimo Gramsci anapodai kwamba watu wote ni wasomi kwa maana fulani: kila mmoja wetu ameshawahi kukaanga yai au kushona koti lililochanika, lakini hatuwi wapishi wala mafundi cherehani kwa sababu hiyo. Kutumia akili ni kwa wote, kulipwa kwa ajili hiyo ni kwa wachache.

Rafiki yangu hakuanza na la 12. Baadaye alihamia kaskazini, akapata kazi kwenye ghala la vifurushi ambako mashine inahesabu kila anaponyanyua mkono, na usiku mmoja akanitumia ujumbe kwamba amefika daftari la 22, pale panaposimulia jinsi Ford alivyowatuma wakaguzi hadi majumbani kwa wafanyakazi kuchunguza wanavyoishi. "Kaka," aliandika, "huyu alimjua bosi wangu." Kisha akauliza kama mzee bado anafundisha, maana ana swali kuhusu gari.