Duru-Haitemba, msitu wa vijiji vinane

Kutoka Arusha hadi Babati ni lami, kama kilomita 170, na sehemu kubwa nililala. Safari hasa ilianza juu ya bodaboda, vumbi likinijaa puani, tukielekea vilima vya Duru-Haitemba.

Kilichonipeleka ni ubishi. Nilikuwa nimesoma kazi ya wachumi waliochunguza Indonesia: wilaya zilipogawanywa na mchanganyiko wa makabila ndani yake ukapungua, ukataji wa misitu nao ulipungua. Sasa Babati, wanakokaa watu wa makabila mengi, je? Kigorwa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi, Kibarbaig ni cha Waniloti, Kirangi ni Kibantu. Kwa hesabu ile, msitu huu wa miombo ungekuwa umekwisha zamani.

"Ilikaribia," akasema mzee aliyenipokea, baada ya shikamoo na maswali ya nyumbani. Serikali ilipotaka kuufanya msitu hifadhi yake, watu waliona unawaponyoka. "Kila mtu akawahi chake. Hapo hukusikia Mgorwa wala Mwiraqw, ni shoka tu." Mnamo 1994 vijiji vikaanza kuachiwa ulinzi: kila kijiji sehemu yake, sheria ndogo zake, mgambo wake.

Nikataka kujua wajumbe wa kamati ya msitu ya kijiji wanapatikanaje. Kwa kitongoji, si kwa kabila, nikaambiwa. Nikatabasamu, maana watu hupenda kujenga karibu na ndugu zao. Ukihesabu vitongoji umeshahesabu makabila, ila hakuna aliyelazimika kuyataja. Kwangu hiyo ni akili kuliko hotuba zote za umoja nilizowahi kusikiliza.

Penye ugumu ni kiangazi. Msituni tulikuta ng'ombe wa kijiji jirani, na kijana aliyewachunga akaanza kujitetea kwa Kibarbaig. Mgambo mmoja, wa kabila lake, akamjibu kwa upole, tena kwa kirefu. Nikajua yameishia hapo. Mama mjumbe wa kamati akakohoa: "Jamani, Kiswahili. Wote tusikie." Kijana akarudia, safari hii kwa maneno machache. Faini ikakubaliwa, na mama akasimamia hadi risiti ikaandikwa.

"Na yule mgambo hatakununia?" nikamuuliza tukishuka.

"Mwezi ujao ng'ombe watakuwa wa mjomba wangu," akasema. "Na yeye ndiye atakayekohoa."