Roma ilivyoanguka: nimesoma nini

Miezi mitatu sasa nasoma jinsi utawala wa Roma ulivyokoma upande wa magharibi. Nilianza na Edward Gibbon, mwanahistoria Mwingereza ambaye juzuu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu anguko hilo ilitoka 1776. Lugha tamu, ila utafiti umeshamwacha nyuma. Aliyenifumbua macho ni mwanahistoria Peter Heather: Wavandali, kabila lililotoka Ulaya, walipoiteka Carthage, mji uliokuwa Tunisia ya leo, mwaka 439, Roma ilikosa kodi na nafaka ya Afrika Kaskazini, na jeshi bila mshahara halisimami. Lakini jamani, msomeni Bryan Ward-Perkins! Yeye anafuata vyungu, vigae vya paa, hata ukubwa wa ng'ombe, mpaka unaona maisha ya watu wa kawaida yakidhoofika. Roho iliniuma. Kitabu kinachofunga hesabu mwaka 476, kaizari wa mwisho wa magharibi alipoondolewa, kana kwamba Constantinople, mji mkuu wa Roma ya mashariki, haikudumu hadi 1453, sinunui tena.