Sifuri Ambazo Mama Hakuzifinya

“Papa, mbona nafinya mara moja tu na inaandika nyingi?”

Binti yangu alikuwa amekalisha kidole kwenye kibodi, anaangalia herufi ile ile ikijaza kioo mpaka ukingoni. Nikamwambia usipoinua kidole, mashine inarudia yenyewe. Akanikazia macho: “Nani ameiambia nataka nyingi?”

Swali hilo hilo, karibu kwa maneno hayo hayo, niliwahi kulisikia Nguba, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka kwa mwanamke mwenye umri wa mama yangu, mbele ya meza yenye muhuri na barua ya kuomba maelezo.

Mliokuwa nami kwenye kazi ile ya depo za dawa hamhitaji kuelezwa. Mfumo wa stoki ulikaa kwenye seva ya Bukavu, na vituo vya afya vya mbali viliifungua ndani ya kivinjari, wakaona dirisha la seva kana kwamba iko mezani kwao. Tulitumia noVNC, programu inayofanya kazi hiyo, toleo la zamani, pamoja na viraka vyetu wenyewe. Malalamiko hayakukosekana. Herufi zenye alama za Kifaransa, é na ç, zilifika zimegeuka kitu kingine. Mtu akihama dirisha kwa Alt na Tab, kivinjari hakikuona Alt ikiachiwa, basi seva ikaamini bado imeshikwa, na kila herufi iliyofuata ikafungua menyu. Hayo tuliyatengeneza mapema: mtu akiliacha dirisha, programu iachie vitufe vyote. Kazi ya mchana mmoja.

Halafu likaja suala la Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu.

Kituo kimoja cha kisiwani, ambacho kwa kawaida kiliagiza maboksi 40 ya amoksisilini, kiliagiza 40000. Orodha nyingine, parasetamoli nayo ikavimba vilevile. Ofisini hakuna aliyesema “mashine”. Walisema titulere, yaani muuguzi mkuu wa kituo, ana mpango na watu wa sokoni Kadutu. Wengine, waliojiona wana huruma, walisema ni mzee, hajui kompyuta. Akaitwa Bukavu. Akavuka na boti ya asubuhi, akaingia na kitambaa chake kichwani kimefungwa vizuri na daftari la karatasi chini ya kwapa. Daftari hilo lilikuwa na 40, kwa wino, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista.

Daktari msimamizi alimkalisha mbele ya kompyuta yetu. “Mama, andika hapa.” Akaandika 40. Ikatokea 40. “Tena.” 40. “Tena.” 40.

“Mashine haina shida, Mama.”

Hakupandisha sauti. Alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuitumia. “Mwanangu, kule kwangu zinajiongeza. Nafinya moja, nashuka mstari mwingine, nikiinua macho nakuta zimekuwa nyingi. Nani ameiambia nataka nyingi?”

Niliomba wanisubiri. Pale ofisini waya ulitoka kompyuta moja kwa moja hadi seva, chumba cha pili. Idjwi walitumia setilaiti, ile inayokaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe unapanda, unashuka, jibu linapanda tena na kushuka. Hata mwanga wenyewe unatumia karibu nusu sekunde katika safari hiyo. Kwetu ilikuwa kama milisekunde 700. Kumpima yule mama kwa waya wa ofisini hakukuwa kumpima hata kidogo. Mfumo endeshi wa Linux una zana ya kuharibu mtandao kwa makusudi, netem, na nikaamuru kila paketi, yaani kila kifurushi cha data, icheleweshwe vile.

Akaandika. Picha ikachelewa, watu wakaguna. Kisha ikatokea 40. Daktari akaangalia saa yake.

Hapo ndipo nilipofikiri kwa kasi ambayo sijawahi kufikiri tena. Kibodi haisemi “sifuri”. Inasema mambo mawili: kitufe kimeshuka, kitufe kimepanda. Katika RFB, lugha ambayo noVNC inazungumza na seva, kila moja ni ujumbe wake wa baiti 8. Ukichelewesha jumbe zote mbili sawasawa, umbali kati yake haubadiliki, na seva haioni ajabu yoyote. Lakini setilaiti siku ya mvua haicheleweshi tu, inapoteza. Na ikiwa kinachopotea ni ile “kimepanda”?

Nikaongeza upotevu wa paketi. Nikageuza kioo cha seva kiwaelekee waliokaa, ili waone kinachotokea seva yenyewe bila kusubiri. Mama akabaki na kioo chake.

“Endelea na orodha yote, Mama. Taratibu. Kila ukifinya, inua mikono juu.”

Akaanza. Parasetamoli, sawa. Glavu, sawa. Nje jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma, na mhasibu aliacha kalamu yake. Chumvi za kuharisha: Mama akafinya 3, akainua mikono. Akafinya 0, akainua mikono, viganja vikitutazama sisi. Kwenye kioo cha seva ikasimama 30. Tukatazama. Mikono ya Mama iko juu, hewani, mbali na kibodi. Kisha sifuri, sifuri, sifuri. 30000. Kioo chake yeye bado kilikuwa kinaonyesha 3 peke yake.

Hakuna aliyesema neno. Mama hakuwa ameona, alikuwa bado anasubiri picha yake. Akauliza, mikono bado juu: “Niishushe?”

Mhasibu ndiye aliyesema, “Mama, ishushe.” Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Maelezo niliyowapa ni haya. Ujumbe wa “kimepanda” ulipotea njiani, kompyuta ikasubiri uthibitisho, haukuja, ikautuma upya. Kusubiri huko hakuwezi kupungua chini ya safari moja ya kwenda na kurudi. Na seva yetu ilikuwa imewekwa hivi: kitufe kikikaa chini milisekunde 660, anza kukirudia mara 25 kwa sekunde. Kwa seva, Mama alikuwa amekandamiza sifuri kama robo tatu ya sekunde. Kidole chake kilikuwa kimeshaondoka zamani.

Dawa yake ni mstari mmoja: zima kurudia upande wa seva. Hakuna anayepoteza kitu, kwa sababu mtu akishikilia kitufe kweli, kivinjari chenyewe kinatuma “kimeshuka” tena na tena, na noVNC inazipeleka zote. Walioandika x11vnc, programu ya upande wa seva, waliliona hilo miaka mingi nyuma wakaweka chaguo linaloitwa norepeat kwa ajili ya ucheleweshaji wa namna hiyo. Niliposoma maelezo yake usiku ule niliweka kichwa mezani.

Ila mstari mmoja haukunitosha, kwa sababu ya ile 3 iliyobaki peke yake kwenye kioo cha Mama. Angeiona 30000 ikitokea, angeifuta. Hakuiona, tayari alikuwa kwenye mstari mwingine. Watu wa ofisini walizoea kusema mtandao wa vituo ni wa polepole, basi, wavumilie. Mimi tangu siku ile sikubali neno hilo lisemwe peke yake. Picha inayochelewa inamnyima mtu macho juu ya kazi yake mwenyewe, halafu tunamdai asahihishe.

Kwa hiyo tukarudi kwenye mwendo. RFB ilizaliwa maabara moja ya Cambridge, Uingereza, kwa mitandao ya ndani ya jengo, na kwa asili yake upande wa mtumiaji huomba picha, hupewa, ndipo huomba nyingine. Juu ya setilaiti maana yake ni picha moja, au haifiki mbili, kwa sekunde, hata ukinunua mega zote za duniani. Tukahamia seva inayojua masasisho mfululizo, inayosukuma mabadiliko bila kungoja kuombwa. Tukaacha kufunga data kwa base64 pale kati, yaani kuigeuza kuwa herufi za kawaida, tabia iliyobaki tangu siku za mwanzo za WebSocket, njia ambayo kivinjari huongea na seva, na iliyonenepesha kila kitu kwa theluthi moja. Vipande vya picha, badala ya kuchorwa kimoja kimoja kila kinapofika, tukavikusanya na kuvichora pamoja kivinjari kinapokuwa tayari. Kompyuta kuukuu za vituo zikapumua.

Mama Titulere alirudi Idjwi na barua ya kumsafisha. Baadaye alitutumia mananasi ya kwao, kapu zima, tukala pamoja na mhasibu.

Lakini kuna jambo ambalo sijui niliweke wapi. Nilipopekua orodha za nyuma nikitafuta sifuri zilizozidi, nilikuta zipo pia za kituo kingine, cha bara, kabla ya kesi ya Mama. Pale palikuwa na kijana, karani wa stoki, aliyefukuzwa kwa “udanganyifu wa idadi”. Namba zake zina alama ile ile: sifuri zilizofuatana, mwisho wa tarakimu, siku ambazo kumbukumbu za setilaiti zinaonyesha upotevu mkubwa. Yeye hakuletwa Bukavu kuandika mbele ya mtu. Aliandikiwa barua tu.

Nilipeleka ushahidi huo kwa maandishi. Nilijibiwa kwamba faili linaweza kufunguliwa, lakini mwenyewe aje, na kitambulisho. Namba yake ya simu siku hizi inapokelewa na mwanamke asiyemjua. Wengine wanasema yuko Uvira, wengine Kalemie. Je, mtu aliyekwisha kuanza maisha kwingine anataka kweli kufunguliwa faili la aibu? Wakati mwingine nadhani ni mimi ndiye ninayetaka. Wakati mwingine nadhani hilo si la mimi kumwamulia.

Nakala ya orodha zile ninayo, na za setilaiti pia, tarehe kwa tarehe. Kama unamfahamu kijana aliyekuwa karani wa depo, akaachishwa kazi kwa sababu ya sifuri, mwambie zipo. Asipotaka kuja, naweza kuzipeleka alipo.