Lantana haifi kwa kufyekwa, tusidanganyane

Ndugu zangu wa mwisho wa reli, Kigoma, kila mwaka naona kitu kilekile, mtu analipa vijana wafyeke shamba la michikichi, jioni shamba jeupe anapiga picha anaweka status, halafu mvua zikirudi lantana nayo hiyo, kile kichaka cha miba kinachovamia mashamba, imeshonana kuliko mwanzo. Hela imeliwa. Ukiikata juu tu ni kama umeipeleka saluni, kisiki kinatoa machipukizi kibao. Moto ndo kabisa, ukichoma inachipua tena huku nyasi zilizokuwa zinaibana zimeisha.

Kwanza uijue. Shika kitawi taratibu, shina lina pembe nne, halafu lina vimiba vidogo vilivyopinda. Majani yamekaa mawilimawili yanatazamana, ukipapasa yanakwaruza, fikicha moja unuse, ile harufu kali huwezi kuisahau. Maua yake kishada kimoja rangi mbili tatu, yanafunguka njano halafu yanageuka pinki au mekundu, kwa hiyo pembeni mekundu katikati bado njano. Vitunda vinaanza kijani vikiiva vinakuwa vyeusi.

Sasa angalia usiue asiyehusika, kuna ndugu yake anayefanana naye, Lantana trifolia, majani yake mara nyingi matatumatatu, haina miiba, vitunda zambarau. Huyo siye tunayemtafuta, muache.

Hii inayotusumbua, jina lake kamili Lantana camara, imetoka Amerika ya kitropiki, ikaletwa kama ua la urembo na uzio, na mpaka leo kuna watu wanaipanda getini eti inapendeza. Ndege wanakula vitunda wanakwenda kunya mbegu kwingine, ndo maana miche inajazana chini ya waya za umeme na chini ya michikichi, popote ndege anapotua. Wenye mbuzi na ng'ombe ndo mkae macho zaidi, ina sumu inayopiga ini, mnyama macho yanakuwa ya njano, analikimbia jua, ngozi ya pua inavimba na kubanduka.

Kazi yenyewe ifanye udongo ukiwa na unyevu. Midogo ng'oa kwa mkono ukiwa na glovu. Mkubwa punguza matawi ila bakiza shina refu la kushikia, zungushia sururu, halafu hakikisha kile kifundo kati ya shina na mizizi kimetoka chote, maana hapo ndo panapochipua. Kigeuze mizizi juu kikauke na jua. Matawi usiyatupe kwenye unyevu, yanaweza kushika mizizi. Kisiki kilichoshindikana kikate karibu na ardhi ukipake hapohapo kwa brashi dawa ya kuua magugu yenye glaifoseti, soma lebo, na kama shamba lako linagusa ziwa au mto Luiche achana na dawa kabisa.

Miteremko yetu hii usiisafishe yote kwa mkupuo, mvua itaondoka na udongo. Ng'oa kwa mistari, panda mabingobingo au mbaazi, endelea na mstari mwingine. Na lazima urudi, mbegu zilizobaki ardhini zikipata mwanga zinaota, hiyo miche uing'oe kabla haijatoa maua, hapa ndo wengi wanakata tamaa.

Na si lantana tu, kwani kwenye hifadhi ya Mahale si kuna Senna spectabilis, mti wa maua ya njano ulioletwa miaka ya 1960 kwa ajili ya urembo, ukasambaa hifadhini mpaka ikabidi watafute namna ya kuudhibiti, na wenyewe ukikatwa unachipua kisikini vilevile.

Kama jirani ana uzio wa lantana utang'oa mpaka uzeeke, kwa hiyo nenda mkaongee kistaarabu, mwambie mshirikiane kuutoa, mbadala upo, minyaa inashika kwa kuchomeka kitawi tu na haina gharama. Ila minyaa nayo ukiikata angalia utomvu usikurukie machoni, utajuta.